Farasi Anayekataa Karoti Ufuoni: Nitajuaje Anachokipenda?

Swali: Asalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni kijana wa Bamburi, natembeza wageni kwa farasi ufuoni. Mwaka huu nimekabidhiwa farasi jike aliyeletwa kutoka bara. Ni mpole, lakini hatulii wageni wakipanda, na akiona ngamia anarudi nyuma. Sitaki kumpiga. Nimesikia farasi anaweza kufundishwa kwa zawadi, nikanunua karoti. Bandani anazila vizuri sana. Ufuoni anazitema mchangani, macho yake baharini. Wenzangu wanasema huyu hana anachokipenda, dawa yake ni fimbo, na kwamba chakula cha mkononi kitamfanya awe wa kuuma watu. Nitajuaje kinachompa hamu ya kufanya kazi? Na nikishakijua, itabidi nibebe mfuko wa chakula maisha yangu yote?

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu wengi wanaoshika farasi hapa pwani huniuliza vipi mnyama afanye wanachotaka wao. Wewe umeuliza anataka nini yeye. Umeanzia panapostahili.

Hayo maneno ya kwamba hana anachokipenda yaache. Farasi asiyependa kitu sijamwona. Karoti aliyoitafuna bandani na ile aliyoitema mchangani ni mamoja. Aliyebadilika ni farasi. Bandani kelele zote anazijua na tumbo limetulia. Ufuoni kuna watoto wanaokimbia na maboya, leso za wauzaji zinapepea na kusi, pikipiki za majini zinanguruma, na mbele kuna ngamia. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na ameumbwa kukimbia kwanza, mengine baadaye. Hofu ikipanda, hamu ya kula inafunga. Mnyama anayedhani simba yuko nyuma ya mwavuli hawezi kutafuna.

Basi ile karoti iliyoanguka mchangani ilikuwa inakwambia jambo. Siku nyingine ikitokea, mtazame kichwani. Shingo ikiwa imeinuka, pua zimepanuka, ngozi ya juu ya jicho imejikunja na kuchongoka, masikio hayatulii, na anatoa kinyesi mara kwa mara, huyo ana hofu, na fimbo itamwongezea sababu nyingine ya kuogopa ufuo. Kichwa kikiwa chini, jicho limelegea, na bado hataki karoti, tafuta sababu nyingine, na nitakutajia kadhaa.

Kwanza tuelewane zawadi ni nini. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha uchunguzi wake wa paka aliowafungia kwenye masanduku yenye komeo. Aliona kwamba tendo linalofuatwa na jambo la kumridhisha mnyama hurudiwa, na lisilofuatwa nalo hufifia. Mafunzo yote ya zawadi yamesimama hapo, na ndani yake mna sharti ambalo watu hulisahau: anayeamua kama kitu ni zawadi ni mnyama, na anaamua kwa matendo. Umempa kitu, na kesho tendo limeongezeka? Hiyo ni zawadi. Halikuongezeka? Basi hata kingekuwa tufaha la bei ghali kutoka nje, kwake si zawadi. Kwa hiyo usiulize farasi kwa jumla wanapenda nini. Mwulize huyu wako, mahali hapo, saa hiyo. Nitakuonyesha namna ya kumwuliza, lakini kuna kazi inayotangulia.

Kabla ya kutafuta anachokipenda, tafuta kinachomuuma. Pitisha kiganja mgongoni chini ya tandiko, taratibu, ukibonyeza. Akishtuka, akididimiza mgongo au akilaza masikio, basi kutotulia wakati wa kupandwa kuna maelezo yake, na hakuna zawadi itakayomshawishi asimame kungoja maumivu. Tazama pembe za mdomo zinapogusana na lijamu. Meno ya farasi huendelea kuota na kulika maisha yake yote, na kingo zake hubaki kali kama hazikusawazishwa na daktari wa mifugo. Farasi mwenye meno mabaya huangusha chakula kilichotafunwa nusu. Wako bandani anatafuna sawasawa, kwa hiyo meno si mshukiwa wangu wa kwanza, lakini yakaguliwe.

Halafu kuna maji. Farasi aliyepumzika hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na anayefanya kazi kwenye joto letu la kaskazi huhitaji zaidi. Jasho lake pia lina chumvi nyingi kuliko lako na langu. Farasi aliyekuwa juani tangu asubuhi bila maji ana kinywa kikavu, na ukimpa karoti utakuwa umempa kazi ya kutafuna. Huenda zawadi anayoitaka ni ndoo ya maji baridi kivulini. Mpe maji na chumvi ya kulamba kila siku, kama haki yake, kabla hujaanza mafunzo yoyote.

Kuna ushauri mmoja utakaopewa na watu wenye nia njema, nakuomba usiufuate: kwamba mfundishe akiwa na njaa ili chakula kiwe na thamani. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, lita 8 hadi 15 tu, na linatoa tindikali usiku na mchana, awe anakula au hali. Aliumbwa achunge kidogo kidogo kwa muda wa saa 16 hivi kwa siku, mate na majani yakipunguza makali ya hiyo tindikali. Ukimnyima nyasi, tindikali inakula ukuta wa tumbo na vidonda vinaanza. Farasi mwenye vidonda vya tumbo ni mkali, hukunja uso ukifunga mkanda wa tandiko, na huchagua chakula. Na mwenye njaa hajifunzi. Anaruka, anasukuma, anafikiria mfuko peke yake. Mpe nyasi kavu za kutosha kwanza, ashibe, ndipo mfundishe. Atakachokitaka akiwa ameshiba ndicho anachokipenda kweli.

Sasa jaribio lenyewe. Tafuta mabeseni mawili yanayofanana, rangi na ukubwa, uyaweke bandani, mbali kidogo moja na jingine. Katika moja tia vipande vya karoti, katika jingine vipande vya ndizi. Mlete katikati, mwache achague, uangalie anaanza wapi na anarudi wapi. Kisha badilisha, la kulia liende kushoto. Usiache hatua hii, kwa sababu farasi wengi wana upande waliouzoea, na utadhani amechagua ndizi kumbe amechagua kulia. Rudia siku nyingine, saa nyingine. Kitu kigeni usikihukumu siku ya kwanza, maana farasi hukishuku chakula asichokijua. Atakinusa, atakigusa kwa ndevu za mdomoni, pengine atakiacha, na baada ya siku chache akakililia. Hizo ndevu usizikate kamwe. Kitu kilicho chini ya mdomo wake hakioni. Anakijua kwa harufu na kwa hizo.

Hapa Mombasa una bahati ya kuwa na vitu vingi vya kumjaribia kuliko mtu wa Ulaya mwenye tufaha na karoti zake. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa ladha 15 walizozichanganya na pumba za nafaka wakawapa farasi wa bandani. Iliyoongoza ilikuwa uwatu. Ya pili ndizi. Bizari nyembamba, hii hii tunayotilia pilau, ilitangulia mbele ya karoti. Kungumanga haikupendwa. Mimi nilipoyajua hayo nilikwenda Marikiti kununua uwatu, na tangu hapo sijauacha. Loweka kijiko cha uwatu uliosagwa kwenye pumba chache, finyanga vidonge vidogo, vianike vikauke kidogo. Harufu yake ina nguvu, na ufuoni penye upepo harufu inasaidia. Tikiti maji nalo, pamoja na ganda lake, ni zuri siku za joto. Kongowea utalipata kwa bei nafuu. Tende ni tamu sana kwao, lakini ondoa kokwa na uzikate. Na usidharau majani: kiganja kimoja cha lusani (alfalfa, majani ya kulishia mifugo) kinawatosha farasi wengi, nacho hakina madhara ya sukari.

Sukari ndiyo inayonitia wasiwasi. Ndizi, tende na miwa mpe kwa vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, basi. Farasi anayelishwa utamu na nafaka kupita kiasi anaweza kupata laminitisi, ugonjwa wa ndani ya ukwato unaouma vibaya na usioisha haraka. Karoti ikate kwa urefu, si kwa duara, kwa sababu kipande cha duara kinaweza kumsakama kooni, na farasi hawezi kutapika. Kokwa la embe usimpe.

Na hapa nisikilize vizuri: usichukue ndoo ya maganda kwa wauza juisi bila kuichambua kipande kwa kipande. Wauza juisi wetu wanatumia parachichi, na parachichi, tunda, ganda, kokwa na majani, ni sumu kwa farasi. Hali kadhalika oleanda, ule mti wa maua ya waridi au meupe unaopandwa kwenye bustani za hoteli. Majani yake machache yanaua farasi. Unapompumzisha karibu na ua wa hoteli, jua ni majani gani yako mbele ya mdomo wake.

Ukishapata vyakula viwili vitatu anavyovitangulia, ongeza swali la pili: atavihangaikia? Kula kilichowekwa chini ya pua ni rahisi. Chukua beseni, piga hatua kumi. Anakufuata? Anaacha nyasi zake akufuate? Anamwacha farasi mwenzake? Hapo utaona ngazi zenyewe. Kuna kitu anachokila kikiwepo, kuna anachokitembelea, na kuna kile anachoachia rafiki yake. Kazi nyepesi ilipe kwa kile cha chini, na kile cha juu kiwekee kazi nzito. Ukitumia cha juu kila mara, penye ngamia utakosa cha kuongeza.

Kwa farasi wengine, hata hivyo, cha juu kabisa hakifai kufundishia. Ukimwona akipewa tende anageuka mwingine, anakusukuma kwa kichwa, anachukua kwa meno, macho yametoka, basi tende imemzidi. Shuka ngazi moja, mpe lusani. Tunataka chakula anachokipenda huku akili yake ikiwa bado ipo.

Mbali na chakula kuna mkuno, ambao hauna gharama na haumalizi mfuko. Simama ubavuni kwake, usawa wa bega, usimkabili uso kwa uso. Weka vidole pale singa za shingo zinapoishia, juu kati ya mabega, ukune kwa nguvu kama farasi wanavyokunana wenyewe kwa meno. Usipapase, na usimpigepige shingo. Kupigapiga tumekuzoea sisi, wao hawafanyiani hivyo. Sasa tazama mdomo wa juu. Ukipapata penyewe, mdomo unarefuka, unachongoka, unaanza kucheza. Shingo inanyooka, kope zinashuka, na uzito wake unakuegemea kidogo kidogo. Hapo ondoa mkono, utulie. Akigeuza bega kulirudisha chini ya vidole vyako, amekuomba uendelee. Akisimama tu, si neno. Akiondoka, amekujibu. Jaribu kifua, jaribu chini ya tumbo ambako usubi humuuma, jaribu shina la mkia. Kila farasi ana pake. Na akigeuka akakukuna na yeye kwa mdomo, usimgombeze: anarudisha wema kwa desturi yao. Msogeze kichwa mbele kwa upole, uendelee.

Huko Ufaransa mwaka 1993 wachunguzi walipima mapigo ya moyo ya farasi wakiwa wanakunwa hapo mwisho wa singa, wakaona moyo unapunguza mwendo. Kwa farasi mwenye hofu ya ufuo hiyo ni faida kubwa. Lakini nisikudanganye kwamba mkuno unatosha. Mwaka 2010 watafiti wengine wa huko huko Ufaransa waliwafundisha farasi wachanga kusimama bila kujongea wakiambiwa, yaani jambo lile lile linalokushinda wewe. Waliolipwa chakula walijifunza vizuri kuliko waliolipwa mkuno, na waliwakaribia watu kwa hiari zaidi. Kwa maoni yangu, fundishia chakula, tulizia mkuno. Ila kama wako ni mmoja wa wale wanaoacha pumba wafuate vidole, mfuate yeye, usinifuate mimi.

Zipo pia zawadi ambazo hazitoki mkononi mwako kabisa. Mwaka 1959 David Premack, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwamba tendo ambalo kiumbe angelifanya kwa hiari yake laweza kuwa malipo ya tendo asilolipenda sana. Kwa hiyo mchunguze farasi wako akiwa huru. Mfungue kamba penye usalama, kaa kando, tazama anafanya nini asipoambiwa kitu. Anakwenda kwa mwenzake? Anatafuta kivuli? Anachezea maji? Nilimfundisha zamani farasi mmoja wa Nyali aliyehasiwa, ambaye ufuoni hakujali chakula cha aina yoyote. Lakini akivuliwa tandiko tu, alikuwa anavuta kuelekea mchanga mkavu, anakunja magoti, anagaragara mgongo wote, miguu juu, anainuka anajikung'uta. Basi nikaifanya ile kugaragara kuwa malipo yake. Akisimama kimya wakati ninafungua mkanda, namwambia neno lake na kumpeleka mchangani. Akijongea, mkono unasimama na mkanda haufunguki. Alielewa upesi, na kutulia huko kukahamia hata kwenye kufungwa tandiko. Wako akipenda hivyo, hakikisha tandiko limeshatoka, na mchanga hauna vioo wala chupa.

Sasa ngamia. Kumwogopa ngamia si kasoro ya farasi wako peke yake. Wanahistoria wa Kiyunani walisimulia jinsi Koreshi, mfalme wa Uajemi, katika karne ya 6 kabla ya Kristo alivyowatanguliza ngamia mbele ya jeshi la Lidia, na farasi wa adui wakageuka kwa kuona na kunusa. Aliyekulia bara bila ngamia atashtuka, na anazoeleka. Nenda asubuhi mapema maji yakiwa yamekupwa, ufuo mpana na watu wachache. Mwombe mwenye ngamia asimame mahali pamoja. Mkaribie kutoka mbali sana, na kila hatua chache mpe farasi wako kidonge cha uwatu. Pale anapokipokea na kukitafuna hadi mwisho, hapo ndipo pa kuanzia. Akikipokea kwa haraka na midomo migumu, uko mpakani. Akikikataa, umeshapita, rudi nyuma. Kwa wakati huo kinachomfaa kuliko chakula chochote ni umbali. Akimtazama ngamia, akashusha kichwa, geuka uondoke naye. Wenye elimu hii wengine hilo wataliweka kwenye fungu tofauti, kwa sababu unaondoa kitu badala ya kumpa, na wana hoja. Mimi nalitumia bila wasiwasi mradi sikumpeleka kwa makusudi penye hofu ili nipate cha kumwondolea.

Kuhusu kuuma, wenzako wamekiona kitu cha kweli wakakipa sababu isiyo yake. Farasi hujifunza tendo lililotangulia chakula. Mgeni anatoa biskuti mfukoni, farasi anasukuma mfuko, mgeni anacheka na kumpa. Hapo amefundishwa kusukuma mifuko, na mwalimu ameshapanda tuk-tuk kurudi hotelini. Fundisha kinyume chake. Simama upande wa pili wa ua au boriti la banda, mfuko kiunoni. Atakunusa, atakusukuma, usimkemee wala usimpe. Ngoja. Mara ile anapogeuza kichwa mbele, hata kama ni kwa sababu amesikia boda boda, sema neno lako, kisha nyoosha mkono umpe mbali na mwili wako, pale ambapo unataka kichwa chake kiwe. Kiganja wazi, kidole gumba kimebanwa na vingine. Siku chache tu, na utamwona anatazama mbele kwa makusudi akingoja. Wageni waambie wazi kwamba anayetaka kumpa atie kwenye ndoo yako.

Hilo neno lichague kwa makini, kwa sababu ndilo linalomwambia ni tendo gani hasa limelipwa. Kualika ulimi kusikufae: masaisi wengi hutumia sauti hiyo kumwambia farasi aende, na wewe unamtaka asimame. "Haya" nalo lina maana ya kuondoka. Neno fupi lisilo na kazi nyingine ufuoni, kama "hapo!", kwa sauti ile ile kila mara, linatosha. Kwanza litamke na umpe, litamke na umpe, bila kumwomba kitu, mpaka masikio yake yageuke kwako akilisikia. Kisha funga boya dogo la wavuvi kwenye ncha ya ufito, umwonyeshe. Akiligusa kwa pua, "hapo!", na malipo. Mchezo huu unakupa kipimo kizuri kuliko mabeseni, maana unaweza kuhesabu ataligusa mara ngapi kwa lusani kabla hajachoka, na mara ngapi kwa ndizi. Na ukienda nao ufuoni utaona orodha yake inavyobadilika. Kile kilichokuwa cha tatu bandani huenda kikawa cha kwanza huko, na cha kwanza kisitazamwe. Andika popote, hata kwenye simu.

Kusimama wakati wa kupandwa anza bila mgeni. Asimame pumzi moja, "hapo!". Pumzi mbili. Mtu aguse tandiko tu. Aweke mguu kwenye kikuku, autoe. Aegemee. Kila hatua ilipwe, na akijongea usimwadhibu, rudi hatua moja. Vipindi viwe vifupi, umalizie wakati bado anataka.

Umeuliza mwisho kama utabeba mfuko maisha yako yote. Mwanzoni kila tendo jema lilipe. Akishalijua barabara, anza kuruka: lipa moja, acha moja, lipa baada ya tatu, bila mpangilio anaoweza kuukisia. Hapo katikati ingiza mkuno, kivuli, kwenda kwa mwenzake, ndoo ya maji mwisho wa njia. Utagundua mfuko unapungua wenyewe, lakini usiukaushe kabisa, kwa sababu tendo lisilolipwa tena hufifia. Kutembea njia aliyoizoea hakutahitaji kidonge hata kimoja. Ngamia ataanza kuwapita kwa neno tu na mkuno. Tendo la kusimama wageni wakipanda, hata hivyo, endelea kulilipa kwa chakula hata baada ya miaka, maana kila mgeni ana uzito wake na namna yake ya kudandia, na mgongo unaobeba ni wake yeye.